Golikipa wa Eda

Mume wangu alipofariki nilikaa eda: miezi minne na siku kumi, bila ya kutoka nyumbani ila kwa dharura. Wanangu, ambao wote wanaishi Kanada, walikuja kwa khitma ya arobaini, wakarudi makazini. Waliniachia mjukuu wa kike wa miaka kumi na minne, anikalie mpaka skuli zao zifunguliwe.

Siku ya tatu nikamkuta analia ukumbini. Kwao anacheza lakrosi, mpira mdogo wa raba unaodakwa na kurushwa kwa fimbo yenye kikapu cha nyavu. Timu ya skuli hucheza uwanja mpana, lakini likizo ya majira ya joto wenzake hujifunza ndani ya jumba, kwenye kiwanja kidogo chenye kuta, ili mikono iwe myepesi. Yeye yuko kwangu. Akirudi, wataanza kuchuja wachezaji wa timu.

"Basi cheza hapa," nikamwambia. Ukumbi wetu wa Mji Mkongwe ni mrefu, mwembamba, na kuta zake nene.

"Golikipa nani, Bibi?"

"Mimi, mke mwenzio."

Nikaketi kwenye kiti mbele ya mlango wa chumba, nimeshika sinia la biriani. Kila baada ya alasiri alinishambulia, na sinia likipigwa nyumba nzima hulia. Siku moja wakaingia shoga zangu wawili kunitazama.

"Ewe! Ndiyo eda hii?"

"Nimekatazwa kutoka, sikukatazwa kudaka."

Mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Wa pili alikunja uso. "Watu watasema, shoga. Hujamaliza hata miezi mitatu."

Nimesomesha chuo cha Kurani miaka mingi na mipaka ya eda naijua; sikuona nilichovunja. Hata hivyo niliona haya, nikalirudisha sinia jikoni. Siku mbili mtoto akarusha mpira ukutani peke yake. Siku ya tatu nikalifuata sinia mwenyewe.

Aliondoka eda yangu ikiwa bado wiki tatu. Uwanja wa ndege sikuweza kwenda, tuliagana kizingitini.

Siku kumi baadaye akapiga simu. "Bibi, wamenichukua!"

Nikasujudu papo hapo, sijda ya kushukuru. Nilipoinua kichwa nikageuka kumpa babu yake habari, na maneno yakanifia mdomoni. Nilikaa sakafuni, simu mkononi, mpaka ikaadhiniwa magharibi.