Inchi za Tumbo la Pindo

Tangu mkewe afariki, fundi cherehani alibaki na mbwa wake, Pindo. Tumbo la Pindo lilipoanza kujaa, alilipima kwa futi yake ya kupimia nguo kila asubuhi na kuandika inchi ukutani kwa chaki. Pindo akasusa chakula, maji yakawa hayamtoshi.

"Mimba hiyo, babu," jirani alimtania. "Jiandae kulea wajukuu!"

Fundi akamshonea Pindo kitanda cha vipande vya vitambaa.

Wiki ya tano Pindo hakuweza kusimama. Daktari wa mifugo alikuja, akazipapasa chuchu zake: ndogo, kavu.

"Mzee, hapa hamna watoto. Ni usaha kwenye mji wa mimba. Chuchu hukuziona?"

Fundi alikuwa amepima tumbo tu.

Jioni alimzika Pindo na kitanda chake. Kilimtosha barabara.