Paka Aliyehema Kama Mbwa

Nilipokuwa mtoto, kwetu karibu na Bukura, mbwa aliweza kutoa ulimi mchana kutwa na hakuna aliyemjali. Lakini paka akihema mdomo wazi katika nyumba yenye mgonjwa, Kukhu, yaani nyanya, mama yake baba, alisema ameanza kunywa pumzi ya mgonjwa huyo. Dawa ilikuwa moja tu: avushwe kijito na kuachwa huko, kwa kuwa paka hatarudi kupitia majini.

Mwaka huo mgonjwa alikuwa mama. Kifua kilimbana, akawa analala mkekani karibu na mlango apate hewa. Mimi nilikuwa na paka mdogo wa kijivu. Adhuhuri moja nilimchezesha kwa ganda la mahindi nililolifunga kamba, tukazunguka uani juani mpaka akaanguka ubavu, ulimi nje, mbavu zikienda mbio.

Kukhu alikuwa akichambua mboga. Akainuka, majani yakamwagika.

"Leta kikapu."

"Kukhu, tulikuwa tunacheza tu."

"Na wewe mbona hujatoa ulimi?"

Nilileta kikapu nikilia, akamtia paka ndani na kumfunika kwa leso. Ndipo mama akamwita Kukhu kwa sauti ndogo, "Mayi, mlete hapa kwanza."

Sikuwa nimewahi kumsikia akimzuia mama mkwe wake. Kukhu akaja kizingitini, akaweka kikapu chini kando ya mkeka. Mama akaingiza mkono, akaulaza ubavuni mwa paka.

"Ni joto," akasema. "Hata sisi tukipalilia miwa tunahema hivi."

Tulingoja. Pumzi zikatulia polepole, paka akafumba mdomo, akaanza kujilamba. Kukhu akarudi kuokota mboga zake.

Paka alibaki. Mama alifariki kabla ya mavuno. Siku zote za matanga nilimkwepa Kukhu, nikiogopa neno ambalo angeniambia. Hakulisema kamwe, na jioni alimtupia paka vichwa vya dagaa wa omena.

Mwaka huu nimemzika mume wangu. Bwana alinipa, Bwana ametwaa. Mjukuu wangu ameleta paka mdogo hapa Amalemba, na daktari wa mifugo ametueleza kwamba akihema baada ya kucheza anapoza mwili, apumzishwe kivulini. Akihema hali ametulia, ndipo tumpeleke kwake. Nimeelewa. Hata hivyo akifungua mdomo naacha ufagio na kwenda kumsimamia.

"Kukhu, hata kupumua anachungwa?" mjukuu hunicheka.

Sasa najua kwamba Kukhu wangu hakumchukia paka. Alikuwa amechemsha majani, amepiga magoti, amemkanda mama mgongo, na kifua hakikusikia. Paka ndiye aliyeweza kubebeka. Kule hospitalini nami nilikunja blanketi la mume wangu, nikalikunjua, nikalikunja tena, mpaka muuguzi akaniambia, "Mama, keti sasa."

Niliketi, lakini mikono haikuketi. Hadi leo, nikiomba, naifumbata kwa nguvu ili itulie.