Bwana Mwenye Ndala

Wifi yangu alikuwa na mabwana wawili na jina moja la kuwaitia. Wa kwanza ni Mungu. Wa pili ni kaka yangu, fundi rangi, aliyerudi nyumbani kila jioni na madoa meupe kwenye nyusi. Asubuhi wifi akipiga magoti chumbani na kuanza, "Bwana, unisikie," kaka huitika kutoka bafuni, "Nakusikia, mama, ila nimejaa sabuni!" Wifi alikasirika kila mara, na kila mara nilimsikia akicheka kabla hajafika kwenye amina.

Kazi yake ni kushona viraka katika chumba cha kufulia cha hospitali, chini kabisa, ukishapita jikoni. Kuna cherehani moja, dirisha moja na rundo la mashuka yaliyochanika. Miaka ishirini na miwili amekaa pale. Kiraka chake hakifichiki: ni cha mraba, na kila pembe ameipitishia uzi mara mbili na kuilaza vizuri, kwa kuwa mgonjwa, anasema, hukwaruzwa hata na kitu kidogo. Kila shuka alilishona kwa sala. Wala haombi kitu, anasifu tu. "Kuomba wataomba wenyewe watakaolilalia," aliniambia.

Ndiyo maana akina mama wa kikundi cha maombi, wanaokutana Alhamisi baada ya kazi katika chumba cha nyuma cha kanisa, walimpa sehemu ya kufungua kwa sifa, wakamwita Mama Sifa. Mwanzoni nilisema kweli huyu anapenda sifa. Mdomo wangu hauna mlinzi. Lakini aliposimama, hata mimi niliyefuata chai nilifumba macho. Alimsifu Mungu kama mtu anayemjua: jinsi anavyokungoja ukichelewa, jinsi anavyosamehe bila kukumbushia.

Kaka akaugua figo. Alilazwa ghorofa ya juu ya hospitali hiyo hiyo siku kumi na moja, na wifi alipanda ngazi kila mapumziko ya chai. Jumatano saa nne asubuhi alipofika, walikuwa wameshamfunika uso. Shuka lilikuwa na kiraka cha mraba, juu ya paji la uso wake. Wifi hakulia kwanza. Alipitisha kidole kwenye pembe zote nne, moja baada ya nyingine. Kisha akalia mpaka wauguzi wakatoka nje.

Alhamisi ya nne baada ya mazishi alirudi kikundini. Mwenyekiti, mwanamke wa sauti kubwa na daftari, akasema, "Mama Sifa, tufungulie." Wifi akasimama.

"Bwana," akasema, akafumba macho. "Bwana wangu, nakupenda. Umekaa kimya sana. Nilizoea nikikuita unaitika. Ndala zako ziko pale pale mlangoni, sijazisogeza."

Macho yote yakafumbuka. Mwenyekiti hakungoja amina.

"Mama, hapa tunamwomba nani? Mungu gani anavaa ndala?"

Wengine wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nusura nicheke. Ikaamuliwa apumzike mpaka moyo utulie, na sifa apewe mwingine. Nilikuwa nimeshavua miwani nimkabili yule mwenyekiti, wifi akanivuta gauni.

"Acha, wifi," aliniambia njiani. "Kasema kweli. Nilianza na Mungu, sijui nilivuka saa ngapi."

"Ulighafilika tu. Nani asiyeghafilika akifiwa?"

"Si hilo linalonitisha. Naogopa nimechanganya miaka yote. Yule niliyekuwa namsifu, anayengoja, anayesamehe bila kukumbushia, si ndiye kaka yako? Labda Mungu mwenyewe sijawahi kumjua. Na kama simjui, nitamsifu nani tena?"

Nilimshika mkono. Tulitembea mpaka kwake, nikaziona zile ndala, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kaka yangu amekufa. Nililia kuliko siku ya mazishi.

Wiki zikapita, wifi akashona bila kutikisa mdomo. Wenzake wa chumba cha kufulia walisema cherehani yenyewe ilikuwa imefiwa. Kikundini hakurudi.

Mchana mmoja nilimpelekea chakula, nikamkuta amesimama na shuka mikononi. Lilikuwa lile lile lililomfunika kaka. Lilichanika upya, kando ya kiraka.

"Hilo limeshachoka," mfuaji mmoja akasema. "Likate matambara."

Wifi alichukua mkasi. Alikata kitambaa kipya, akakiweka juu ya mpasuko, akakaa kwenye cherehani. Alipofika pembe ya pili niliona midomo yake ikicheza. Nilingoja amalize ya nne.

"Unasema na bwana yupi?" nikamuuliza, na safari hii sikuwa natania.

"Sijui, wifi yangu." Machozi yalikuwa yakidondokea shuka, hakuyafuta. "Nimesema tu asante kwa kupendwa. Asante hiyo ina mwenyewe. Itamfika."

Akakata uzi kwa meno, akainua uso kidogo, kama alivyokuwa akisikilizia sauti ya bafuni. Nikasema amina, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuitika.