Visu Viwili vya Kumenyea Ndizi

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku ile shangazi yangu alipokuja kutoka Momela na kunikuta nimenuna. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kwa siku kadhaa nilikuwa simsemeshi mtu, chakula nakidonoa tu, na shule nimegoma kwenda. Mama aliniita jeuri. Alinisimamisha mbele yake, "Niangalie machoni! Una nini?" Ndiyo kwanza nikazidi kuinamisha kichwa. Asubuhi hiyo alikuwa ameapa kwamba nisiposema, shule basi, nitabaki nyumbani kukata majani ya ng'ombe.

"Wifi, huyu hana jeuri, ana jambo," shangazi alimwambia. "Na wewe unamkodolea macho kama askari. Atasema nini?"

Sasa akanuna mama. Shangazi akaburuta mkungu wa ndizi mbichi hadi jikoni, akanipa kisu, tukajipaka mafuta mikononi utomvu usitugande, tukaketi bega kwa bega. Hakuniuliza kitu. Alinisimulia tu vituko vya ng'ombe wake anayekataa kukamuliwa, nikajikuta nacheka. Tukamenya, tukamenya. Macho yangu yakiwa kwenye maganda, nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema: "Shangazi, nilichafua sketi darasani. Damu. Wavulana wakanicheka."

Hakushtuka, wala hakuacha kumenya. "Pole, mama. Hata mimi yalinikuta, nikatamani ardhi inimeze." Kisha akanisogezea ndizi nyingine. Nililia huku namenya, na nilisikia raha ya ajabu. Kumbe mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Kesho yake alinifundisha kujistiri, akanisindikiza mwenyewe hadi darasani, akawakodolea macho wale wavulana. Hapo macho yake yalifaa.

Mwanangu, najua wewe una simu, na una chumba chenye mlango. Sikukatazi. Ninachokuomba ni kwamba ukizidiwa na jambo usikae nalo peke yako. Tafuta mtu mzima mmoja unayemwamini, keti ubavuni mwake, sema hata kama unaangalia chini. Na ukija kuwa mzazi, usimhoji mtoto kama mshitakiwa. Shikeni kazi ya mikono pamoja, umpe muda, na akisema usimcheke.

Mungu akupe moyo mwepesi na watu wa kukusikiliza. Hapa kwangu Moshono ndizi hazikosekani, na visu vya kumenyea ninavyo viwili.