Shimo la Bibi

Mara ya kwanza kusimama maishani mwangu nilisimama ndani ya shimo. Bibi alilichimba pembeni mwa shamba letu la tumbaku, huko Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, akanitumbukiza hadi kifuani na kushindilia mchanga kunizunguka. Ndivyo alivyosimamishwa mtoto ambaye miguu ilimgomea. Nilikuwa na miaka sita, na nililipenda lile shimo kuliko kitanda. Nikiwa humo mikono ilikuwa huru, nikabangua karanga na kuwatazama watu wakilima, badala ya kulala chali nikihesabu fito za paa.

Kisha akaja mama wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali, kwa pikipiki, mara moja kwa mwezi. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba nina mtindio wa ubongo, wala sikurogwa. Nilimchukia papo hapo, maana alisema shimo linanisimamisha tu, halinifundishi kupiga hatua. Bibi hakubisha. Alilifukia jioni ileile, akamwagiza baba atoe fito mbili kwenye bani la kukaushia tumbaku, azifunge usawa wa kiuno changu, nizishike nikijifunza kutembea. Kila asubuhi bibi alininyoosha magoti akihesabu kwa Kirundi, nami nikimtukana kwa Kiswahili.

"Tukana, mjukuu wangu," alicheka. "Ila nyoosha."

Mwaka uliofuata akaamua kurudi Burundi. Alitaka azikwe kwao. Nilimwahidi nitamsindikiza hadi barabarani kwa miguu yangu mwenyewe, na nilitaka hilo kuliko kitu chochote. Kwa mtu mzima palikuwa hapo tu, nyuma ya migomba ya jirani.

Siku ya safari nilitangulia mapema na fimbo zangu mbili za kutembelea. Nilikuwa nimefika kwenye migomba lori la kuwapeleka Burundi lilipoanza kupiga honi. Baba akaja mbio, akaninyakua na kunibeba mgongoni. Nilimng'ata bega. Bibi akaniaga nikiwa nimebebwa, kama siku zote.

Nilifika barabarani mwenyewe miezi kadhaa baadaye, tukivuna mahindi. Bibi hakuwepo, nami nilitamani awepo. Ng'ombe wa Wasukuma walikuwa wanavuka, vumbi tupu. Nikageukia kule lori lilikoelekea.

"Bibi, nimefika!"

Nilisubiri kidogo. Halafu nikarudi nyumbani, kwa miguu.