Uchaguzi wa Uingereza Ulipoliliwa Bawshar

Jamani, hili mie nilikuwa nimeshaamua kuzikwa nalo, watoto wangu hawalijui, marehemu mume wangu kafa halijui, lakini leo mmenikalisha hapa Al Khoudh na kahawa na vileja mkaanza kunichokoza na aibu zenu (za kitoto, nakwambieni, mtu kuanguka na sinia harusini nayo ni aibu?), basi nakupeni yangu, mcheke mara moja mmalize. Mie niliwahi kuwaliza wanawake kumi na tano wa Bawshar, machozi ya kweli, kwa sababu ya uchaguzi wa Uingereza.

Mwaka wenyewe sabini, miezi ya mwishomwisho, nchi ya Maskati imefunguka juzi juzi tu, mie nna miaka ishirini na mbili na nimefikia kwa binamu yangu Darsait, natoka Unguja kwa kupitia Mombasa na Dubai na sanduku langu moja. Mama yangu nimemwacha Dubai, analala ukumbini kwa watu, na kila barua ananambia yu salama, na mie namjua mama yangu, akisema salama mara tatu katika barua moja basi hayuko salama hata kidogo. Kumleta kulitaka kitu kimoja tu, karatasi ya kazi yenye sahihi ya mkubwa wangu. Na mkubwa wangu alikuwa Sista Dorothi, nesi wa Kiingereza, mrefu, mwembamba, soksi nyeupe mpaka magotini, aliyeletwa kufungua vituo vya wazazi. Siku ya kwanza aliniuliza, "Kiingereza unajua?" Nikamwambia najua, na kweli najua. "Na Kiarabu?" Nikamwambia, "Kama maji."

Mashoga zangu, Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea hayo maji! Kurani nnasoma, nyimbo za harusi nnaimba, lakini mtu wa Bawshar akifungua mdomo nilikuwa napata neno moja katika matatu, yaliyobaki nayabuni kwa kumtazama usoni. Akaniweka majaribio wiki mbili, na wiki mbili zile nilinusurika, kwani wagonjwa wenyewe hushika tumbo wakasema ah, nani atashindwa kufasiri hilo?

Siku ya mwisho ya majaribio tukaenda kwa Bibi Zuwena, mjane mwenye sauti yake Bawshar (Bawshar ile ya mitende na nyumba za udongo, si hii yenu ya maduka), ana nyumba ya pili kaifunga tu, na Sista anaitaka iwe kituo cha wazazi. Njiani akanambia, "Rayya, tukiipata nyumba leo, karatasi yako natia sahihi leo leo." Landrova inaruka juu ya mawe, na moyo wangu unaruka nayo, namuona mama yangu anashuka na vifurushi vyake.

Tukaingia. Mikeka, mito, sinia la tende, halwa inang'aa, wanawake wamejaa, na mkaza mwana wa Bibi Zuwena, Thuraya, kimya, shela mpaka puani, anazunguka na buli la kahawa. Salamu zikaenda vizuri, mie nimejaa kichwa. Kisha Bibi Zuwena akamgeukia Sista akamuuliza, "Ulum?"

Sasa nyie dasturi mnaijua. Mgeni akishakaa huulizwa khabari za atokako, na jibu ni moja, hamna khabari, kheri tupu, hata kama kaacha nyumba yake inaungua, na kama ipo khabari ya kweli itakuja baadaye kahawa ikishapita. Mie kazi yangu ilikuwa nimjibie Sista, basi, yaishe. Lakini nikajitia ufundi, nikamfasiria: "Anataka khabari za kwenu."

Lo! Mngemuona Sista! Kumbe yule mwanamke alikuwa mgonjwa wa siasa, magazeti yake humfikia yamekuwa makuukuu na hana wa kuzungumza naye, maana wanaume wa kwao wa pale ofisini humwambia shughulikia bendeji zako. Akaweka mkoba chini, akakunja miguu, akasema, "Za kwetu mbaya sana," na hapo akaachia. Serikali aliyoipigia kura imeangushwa mwezi wa sita wakati kila mtu akisema itashinda, na waliokuja ni watu wasiojua bei ya mkate, wanataka kuwabana wafanyakazi, wanataka kuwauzia silaha Makaburu, na watoto wa skuli wanataka kuwakatia maziwa ya bure, maziwa, Rayya, waambie hilo la maziwa!

Niwaambie kwa lugha ipi? Uchaguzi kwa Kiarabu silijui, bunge silijui. Na nisikuficheni, hofu nayo ilikuwepo. Sie tumetoka mahala ukimsema mkubwa asubuhi jioni watu wanakutafuta, na hapa Maskati nako watu ndio kwanza wanajifunza kutoa sauti. Mie nikae katika majlis ya mtu nimseme waziri mkuu wa Kiingereza kuwa mpumbavu? Kesho si itasemwa kasema Rayya? Nikasema kwa Kiarabu, "Anasema wote wazima, Malkia mzima, na anakusalimuni."

Bibi Zuwena akaweka mkono kifuani. "Malkia? Ananisalimu mimi?"

Na mie, Mungu anisamehe, nikasema ndiyo.

Akapiga kofi akaita dirishani, na majirani wakaingia mbio na watoto mgongoni, njooni, zimekuja salamu za Malkia! Sista kuona watu wanamiminika kusikiliza akadhani Bawshar nzima ina kiu ya siasa, akavuka bahari akaenda Marekani. Rais wao, anasema, aliahidi kumaliza vita vya Vietnam, kumbe kavipanua mpaka nchi ya jirani, na wanafunzi wake mwenyewe wakipinga wanapigwa risasi, na akitazama kwenye kamera na yale macho yake Sista hawezi kumwamini hata kumwazima mwavuli. Nikafasiri: "Na rais wa Marekani naye mzima, salamu nyingi." Mmoja akauliza ana wake wangapi. Nikamwambia Sista, "Anauliza vita vitakwisha lini." Sista akainua kidole juu, maana yake Mungu ajuaye, na wanawake wakatazamana, wakasema mmoja tu, maskini!

Na kahawa ikimiminwa. (Sikumwambia kuwa ukitosheka unatikisa kikombe, kwa hivyo kila akimaliza Thuraya humjazia, nadhani alikunywa vikombe kumi na viwili, na kila kikombe kikimpandisha mori.) Sauti imepanda, mashavu mekundu, anapiga goti kwa ngumi, na mie pembeni natabasamu: "Anasema Malkia anazipenda sana tende zenu."

Kisha akafika usiku wa matokeo. Akaeleza alivyokaa karibu na redio na dada yake, miji ikitajwa mmoja mmoja, wanashindwa, wanashindwa tena, na sauti ikamkatika, machozi yakamtoka, akatafuta leso. Bibi Zuwena akashtuka. "Kuna nini? Mbona analia?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Macho kumi na tano yananitazama, jozi kumi na tano. Nikasema, "Kafiwa na mjomba wake."

Inna lillahi! Sinia la halwa likaondolewa, shela zikashushwa, Bibi Zuwena akamvuta Sista kifuani kwake akaanza kulia, na akilia Bibi Zuwena nani atakaa kimya? Nyumba nzima ikaangua kilio. Bibi mmoja wa pembeni, ambaye mpaka leo nikimkumbuka naona haya, alikuwa akilia kwa kwikwi na kujipigapiga paja. Na Sista, kichwa kimebanwa kifuani kwa Bibi Zuwena, ananitazama kwa jicho moja lililojaa machozi, ananambia, "Rayya, sijapata kuona watu wanaojali hivi! Hata dada yangu mwenyewe hakulia!"

Mie mwenyewe nikalia. Kwa woga, lakini machozi ni machozi.

Bibi Zuwena akajifuta, akauliza marehemu kafa na nini. Nikamuuliza Sista, "Wanauliza mlishindwa kwa sababu gani." Akasema, "Kwa kiburi, na kwa kutosikiliza watu." Nikasema, "Tumbo."

Pakasikika kitu kama paka kabanwa mlangoni. Ni Thuraya. Buli linamtetemeka mkononi, shela imejaa pumzi, akashindwa kabisa, akaangua kicheko mpaka kahawa ikamwagika kwenye soksi nyeupe za Sista, na katikati ya msiba ule akasema kwa Kiingereza safi, Kiingereza cha skuli ya Bahrain, "Pole sana, Sista, kwa mjomba wako aliyekufa kwa tumbo."

"Mjomba gani?" akauliza Sista.

Nilitamani ardhi ipasuke. Thuraya akawageukia wale wanawake akawaeleza yote kwa Kiarabu, Malkia hajasalimu mtu, rais hajasalimu mtu, mjomba hayupo, na nikaona nyuso zikibadilika moja baada ya moja, na Sista alipofahamishwa akauokota mkoba wake chini, akaufunga. Nikamuona mama yangu anarudi ukumbini kwa watu.

Mara Bibi Zuwena akasema, kwa Kiswahili, Kiswahili cha shamba la Unguja hasa, "Wee mtoto, umetoka Unguja mtaa gani?"

Nikamjibu, "Malindi, bibi."

"Na mie nimekaa Mfenesini miaka kumi na minane, wanangu wawili nimewazalia huko. Tangu ulipovua viatu n'lijua wewe wa Unguja. Nikangoja useme nami. Mbona hukusema?"

Nikasema kweli, kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Nikamwambia naona haya, kila nikifungua mdomo sokoni Mutrah watu wanacheka, eti Mwarabu gani huyu, basi nimeamua kukificha Kiswahili changu, na nikamwambia la mama, na la karatasi, nikilia makamasi, mtu mzima.

"Ungalisema tangu tende ya mwanzo tungalielewana," akasema. "Haya, jifute. Sasa nambie, huyu alisema nini khasa?"

Basi nikamwambia, kwa Kiswahili, lote, uchaguzi, wafanyakazi, Makaburu, Vietnam, sikuacha hata mwavuli, na yeye akiwafasiria wenzake kwa Kiarabu, na yalipofika maziwa ya watoto wa skuli, wallahi, kile kilio cha mjomba hakikuwa kitu! Wakapiga makelele, wakalaani, yule bibi wa pembeni akasimama. Watoto? Maziwa? Bibi Zuwena akatoa ufunguo kiunoni, akamtia Sista mkononi akamfumbatisha, akanambia, "Mwambie nyumba achukue. Na hao wa kwao awaambie Bawshar mtoto hanyimwi maziwa." Hilo nililifasiri neno kwa neno, sikuongeza wala sikupunguza.

Sista akaendesha moja kwa moja mpaka Darsait. Mie nilikuwa natafuta maneno ya kumuandikia mama. Akazima gari, akatoa karatasi mkobani, ilikuwa imeshaandikwa kwa mashine, mkalimani wa Kiarabu, akaitazama weee, akatoa kalamu. Akalikata neno Kiarabu, juu yake akaandika Kiswahili, akatia sahihi. "Ukinipa mjomba mwengine," akasema, "nakurudisha kwa miguu."

Tangu siku hiyo, neno la mtu nalitoa kama nilivyolipokea, na nisilolijua nasema silijui, hata anayeuliza awe nani. Na mama alikuja, mwezi haukwisha. Usiku wa kwanza alinishika nimsomee ile karatasi iliyomleta, nikamsomea, akanitazama. "Ati wee," akasema, "umekuja mpaka Uarabuni ukaajiriwe Kiswahili?" Nikamwambia ndiyo, mama, na laiti ningaliingia nacho mlangoni.