Damu Iende, Wewe Ubaki

Damu ikishatoka mwilini haijui kwamba imetoka. Inaendelea kula. Ukiiweka kwenye chupa ya kawaida, ile yenye kizibo chekundu, ukaisahau mezani, chembe zake zinakula sukari iliyomo, na anayekuja kuipima jioni anakuta sukari nzuri ya mtu ambaye asubuhi alikuwa mgonjwa. Ndiyo maana damu ya kupima sukari tunaiweka kwenye chupa ya kizibo cha kijivu, yenye dawa ya kuzuia chembe zisile. Hilo nimewaambia wauguzi pale Moshi, ninakofanya kazi maabara, mpaka wamenichoka. Sampuli iliyochelewa naikataa hata akiileta daktari mwenyewe, na jina la utani walilonipa kwa ajili hiyo siliandiki hapa.

Sasa mmejua ni mtu wa namna gani aliyefungiwa chumbani Rombo, juu ya Mkuu, na mama mkwe wake.

Nilikuwa nimejifungua mtoto wa kwanza. Nikiwa mjamzito sukari ilinipanda, ile ya mimba, ambayo kwa wengi huondoka mtoto akizaliwa na kwa wengine hubaki. Daktari aliniambia nipime tena baada ya wiki sita. Niliogopa kweli. Shangazi aliyenilea alianza hivyo hivyo, kwa mimba, naye hakufika uzeeni kabla ya kushikwa mkono kupelekwa kanisani, kwa sababu macho yalikuwa yamekwisha.

Lakini kwetu mzazi hatoki. Miezi mitatu yuko ndani. Hafagii, hachoti maji, kazi yake ni kunyonyesha na kula. Siku akitoka, watu humtazama yeye kabla ya mtoto, na unene wake ndio sifa ya mama mkwe. Wangu alikuwa mama mwema. Naandika hivyo bila kejeli, maana wema wake ndio ulionifunga, mkatili ningemtoroka. Asubuhi alileta mtori, ndizi zimepondwa na nyama mpaka zimelainika, siagi inaelea juu. Baadaye uji wa maziwa. Mchana ndizi. Jioni mtori tena. Alikaa kwenye kigoda mpaka aone kitako cha bakuli.

"Mama, sukari yangu," nilimwambia.

"Anayepimiwa chakula ni mgonjwa. Wewe ni mzazi."

Dirisha lilifungwa kwa ajili ya baridi. Hata chooni nilisindikizwa. Kimashine changu cha kupima sukari kwa tone la kidole kilibaki Moshi, na vijiti vyake vilikuwa vimeisha. Mume wangu alipanda kila Jumamosi, akambeba mtoto, akaniambia nimenawiri, nami nikatamani kumrushia bakuli. Usiku nililia kwa hasira chini ya mablanketi, kimya kimya, maana mtu anayekupenda hivyo utamshtaki kwa nani?

Wiki ya sita ilipotimia nikatangaza kwamba nashuka Moshi. Mama mkwe hakugomba. Alivuta kigoda akakaa mlangoni, akaanza kumenya ndizi.

"Unafuata nini huko?"

"Damu yangu ipimwe."

"Basi damu iende, wewe ubaki."

Akaenda mwenyewe zahanati ya parokia, akarudi na muuguzi kabla sijanywa hata chai. Muuguzi alikuwa na chupa za kizibo chekundu tu. Nikamwambia hazifai. Akasema ndizo zilizopo. Nikamtazama mama mkwe pale mlangoni, nikanyoosha mkono. Mume wangu, aliyekuwa anarudi Moshi asubuhi hiyo, akaitia chupa kwenye mfuko wa shati.

"Nenda moja kwa moja," nikamwambia.

"Moja kwa moja," akasema.

Akampakia jirani aliyekuwa anapeleka mgonjwa. Akapitia kwa fundi wake wa gari. Akala chakula cha mchana. Jioni kijana tunayefanya naye kazi maabara akanipigia simu.

"Tano nukta moja, dada. Hongera!"

"Ilifika saa ngapi?"

"Mchana mchana hivi. Saa tisa."

Damu ya asubuhi! Ingekuwa ya mtu mwingine angeikataa kwa kuniogopa. Yangu aliipima kwa kunipenda.

Mama mkwe alikuwa amesikia neno "hongera", na vigelegele vyake vikasikika mpaka ng'ambo ya mfereji. Kesho yake jumuiya nzima ilishajua kwamba sukari ya mkwe imeisha. Nikamkalisha, nikamweleza habari ya chupa na vizibo. Alisikiliza vizuri, maana si mjinga hata kidogo.

"Kwa hiyo damu ikikaa chupani inakula sukari yenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Bila dawa."

"Bila dawa."

"Basi na iliyo ndani yako iache nayo ijilie. Kunywa."

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu nifike, na aliyecheka hawezi tena kukataa. Nikanywa mtori wote. Na niseme wazi: niliitaka ile tano nukta moja iwe kweli yangu. Kila bakuli lilipokuja niliitaja moyoni, nikijua ni uongo, kisha nikafungua mdomo.

Miezi mitatu ikaisha. Kanisani wanawake walinigeuza huku na huku, wakampongeza mama mkwe, naye akashindwa kuficha meno. Jumatatu nikawa Moshi. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa, sijala kitu, nikatolewa damu kwenye chupa ya kijivu, nikaipima mwenyewe palepale. Nane nukta sita. Nikarudia. Nane nukta sita. Kuanzia saba ni kisukari, na hii haikuwa ya mimba tena. Ilikuwa yangu, ya kufa nayo, na nikayaona macho ya shangazi.

Mama mkwe akapiga simu kabla sijavua koti la kazi.

"Imesemaje?"

Nikamwambia.

"Basi ni mimi."

"Si wewe, mama. Huenda ingebaki tu."

Huenda. Mtu mwingine angesema hapana, si wewe kabisa, akamaliza. Mimi nimezoea kutosema zaidi ya nilichopima, na neno hilo moja alilisikia vizuri.

"Nisingekupa mtori," akasema polepole, "ningekupa nini?"

Miaka yote nimewaona watu wa mlimani wakitoka kwa daktari na orodha ya vyakula vya kuacha, na sikuwahi kujiuliza wanaowapikia wanabaki na nini mikononi.

Mwezi uliofuata alishuka kumwona mjukuu. Mama wa Rombo haendi kwa mwanawe bila mkungu wa ndizi, na kama hakuna mkungu basi maziwa, na kama hakuna maziwa basi hata parachichi mbili za kufungia kwenye kanga. Yeye alishuka mikono mitupu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa sebuleni kwenye ukingo wa kochi, mkoba mapajani.

"Utakula nini, mama?"

"Chochote unachoruhusiwa wewe," akasema, na hakuinuka kuja jikoni.